Povu la Baba

Meno yangu ni ya Nakuru, huna haja ya kuniuliza kwetu.
Yana rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Florini tuliinywa kabla hatujajua kuitamka:
ilitoka miambani, ikaingia visimani,
ikamtia kila mtoto wa Lanet chapa ileile,
na siku ya picha shuleni
darasa zima lilifumba midomo.

Hiyo ni florini inayojionyesha.
Nyingine niliikuta ukubwani, maabarani,
katika chupa ya kifuniko chekundu,
jina lake refu likijaza mstari mzima wa daftari,
na Bi. Chepkurui akinionya:
"Usiidharau kwa kuwa hainuki."

Asidi hii ina tabia mbili, kama mtu.
Hidrojeni yake huitoa papo hapo,
haingoji kuombwa mara ya pili,
siki na ndimu ni bahili mbele yake.
Lakini kaboni na florini zake, loo!
Zimeshikana mikono
kama watu wanaovuka mto uliofurika.
Jua haliziachanishi.
Vijidudu vya udongoni, visivyosaza hata mzoga,
huzinusa
vikapita.

Baba alikuwa zimamoto.
Jumamosi walifanya mazoezi nyuma ya stesheni:
pipa la mafuta, kiberiti, mwali,
halafu povu.
Povu jeupe, zito, la kufika magotini!
Sisi watoto tuliogelea humo,
tukajipachika ndevu, tukatembea kama vikongwe,
na Gathogo, kofia yake ya njano kisogoni,
alicheka, akaturushia jingine.
"Sabuni tu hiyo," alisema.
Alisema alivyoambiwa.
Jioni povu lilinywea, likashika mtaro,
mtaro ukashika mteremko,
na mteremko unajua lilipo boma letu.

Mwezi wa nne nilichota maji ya kisima cha mama.
Nilimwambia nakwenda kupima chumvi.
Haukuwa uongo mtupu.
Karatasi ilirudi na namba ndogo,
ya kuhesabia vitu ambavyo jicho halina habari navyo,
lakini ilikuwepo,
miaka thelathini na mmoja baada ya Jumamosi zile,
saba baada ya mazishi.

Mama ana chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe.
Alilipata kanisani, analitunza kama kitindamimba.
Linainasa ile florini ya miambani;
wajukuu wake hucheka midomo wazi.
Akishachuja, huchemsha,
kwa sababu ya kipindupindu cha mwaka ule,
dakika ishirini, macho kwenye saa ya ukutani.
Ningemwambiaje
kwamba mvuke ni maji yanayojiendea zake,
na kilichokataa kuondoka
kinabaki sufuriani, kimezidi kukolea?

Aliiona karatasi mkobani.
"Yana uchungu?"
"Hapana."
"Yananuka?"
"Hapana, mama."
"Sasa yana nini?"
Nilitaka kusema lile jina refu.
Nikasema, "Yana baba."

Alikaa kimya, ufito wa kuni mkononi.
Kisha akacheka, si kicheko kirefu.
"Mtu yule. Shati lake aliligawa barabarani
kwa mlevi asiyemjua,
lakini neno alilonikosea mwaka wa kwanza wa ndoa
hakuliachia mpaka kaburini."
Akatazama mlango wa nyuma, kulikokuwa na kisima.
"Atakaa hadi lini?"
Nilitazama vidole vyangu.
Vitabu vyangu vyote havina tarehe hiyo.

Saa ya ukutani ilisema dakika tisa.
Mama hakungoja ishirini.
Aliinuka, akachota kata moja ya maji yaleyale,
akainama mafigani
akauzima moto.